Kuhesabu seli bila kuumiza macho: maswali tunayoulizwa kuhusu kuchakata picha za hadubini kwa mkupuo

Ukurasa huu ulianza kama karatasi iliyobandikwa ukutani karibu na hadubini, katika chumba chetu cha picha hapa Nairobi. Kila mwanafunzi mpya alikuja na maswali yaleyale, na kila jibu lilikatizwa na mtu aliyetaka ufunguo wa friji. Karatasi ilipofika ya nne nikaona niandike yote mahali pamoja. Mifano inatoka kwa kazi zinazopita mikononi mwetu: slaidi za damu, majani ya maharagwe, viini vya seli vilivyotiwa rangi ya kung'aa.

Kuchakata kwa mkupuo ni nini hasa?

Chukua picha moja. Unaifungua, unaondoa kivuli cha mandharinyuma, unatenganisha seli na kilicho nyuma yake, unazihesabu, unaandika jibu, unaifunga. Sasa fanya hivyo mara 1,200. Kuchakata kwa mkupuo ni kuzipanga hatua hizo mara moja, ukaionyesha kompyuta folda yenye picha, nayo ikazipitia moja baada ya nyingine kwa mpangilio uleule, bila kuruka wala kubadilisha nia katikati.

Hilo la kubadilisha nia ndilo kubwa kuliko hata muda. Ukihesabu kwa jicho, seli unayoikubali saa tatu asubuhi unaweza kuikataa saa kumi jioni, na hutajua kama umebadilika.

Nina picha 30 tu. Nijisumbue?

Hapana. Chukua kihesabio cha kubofya, kaa chini, uzimalize kabla ya chakula cha mchana.

Na zikiwa nyingi, nitaokoa muda kiasi gani?

Piga hesabu mwenyewe. Kama picha moja inakuchukua dakika 4, picha 1,200 ni saa 80, yaani wiki mbili za kazi bila kufanya jambo lingine. Kompyuta ya kawaida huzimaliza wakati wewe uko kwenye foleni ya matatu. Lakini usimwambie msimamizi wako kwamba utamaliza kesho. Kupanga hatua zenyewe, kuzijaribu na kuzikagua kunaweza kula siku tatu au nne. Faida kubwa huja pale anaposema, "Hebu rudia yote, lakini usihesabu zile ndogo." Kwa mkono hapo ungelia. Kwa mkupuo unabadilisha tarakimu moja na kwenda kunywa chai.

Nitumie programu gani? Sina pesa za leseni.

Huhitaji pesa. Nzuri nyingi ni za bure.

ImageJ ndiyo mkongwe. Wayne Rasband aliiandika katika taasisi za taifa za afya za Marekani, NIH, kuanzia 1997, baada ya programu yake ya awali iliyokuwa ya kompyuta za Macintosh pekee. Siku hizi wengi wetu tunatumia Fiji, ambayo ni ImageJ ileile ikiwa imefungashwa na viongezi vyake. Haihitaji kusakinishwa: unafungua kifurushi, unakiweka kwenye folda, unaanza. Unaweza hata kuibeba kwenye flashi kwenda kompyuta ya idara ambayo hairuhusu kusakinisha chochote.

CellProfiler, inayoendelezwa katika taasisi ya Broad huko Marekani, inakufaa ukiwa na seli nyingi na huna hamu ya kuandika hata mstari mmoja wa maagizo. Unapanga hatua kama shanga kwenye uzi: tafuta viini, kisha tafuta mipaka ya seli, kisha pima ung'avu, kisha andika jedwali. QuPath, iliyozaliwa Belfast, ni ya slaidi nzima za tishu, zile picha kubwa zinazoilemea Fiji. Ilastik inakuacha upake rangi juu ya picha kuonyesha "hii ni seli, hii siyo", nayo ijifunze kutoka hapo.

Ukiniuliza mimi, anza na Fiji. Si kwamba inazishinda zote. Ni kwamba ukikwama, mtu wa meza ya pili amewahi kukwama palepale.

Sijawahi kuandika programu maishani. Nitaweza?

Utaweza, kwa sababu Fiji ina kinasa. Nenda "Plugins", kisha "Macros", kisha "Record". Dirisha dogo linafunguka. Kila unachobofya kuanzia hapo kinaandikwa humo kama mstari wa maagizo. Ukimaliza picha moja, bonyeza "Create" na una makro yako ya kwanza, yaani orodha ya maagizo ambayo Fiji inaweza kuirudia. Halafu nenda "Process", "Batch", "Macro", onyesha folda ya kuingilia na folda ya kutokea, bandika makro, endesha.

Nimefanya hivyo. Picha ya kwanza ilikubali, ya pili ikakataa. Kwa nini?

Hili ndilo swali linalogonga mlango wangu kuliko yote, na mara nyingi kosa ni lilelile. Kinasa ni kama karani mtiifu kupita kiasi: ukibofya dirisha la picha, kinaandika jina la picha hiyo. Ndani ya makro yako kuna mstari unaosomeka `selectWindow("slaidi_001.tif")`. Picha ya pili inaitwa slaidi_002, na makro bado inaita ya kwanza kama mtu anayemwita aliyekwisha shuka kwenye gari. Weka `jina = getTitle();` mwanzoni, kisha popote palipoandikwa jina la picha ndani ya alama za kunukuu, weka neno `jina` bila alama hizo.

Ukiwa hapo, angalia na majina ya mafaili. Nafasi katikati ya jina, kama "slaidi ya pili.tif", huzikwaza amri nyingi za Fiji, kwa kuwa nafasi ndiyo inayotenganisha chaguo moja na jingine. Tumia mstari wa chini ( _ ). Na andika 001, 002, 003, usiandike 1, 2, 3, la sivyo mahali pengine orodha itapangwa 1, 10, 11, 2, na jedwali lako litaoanishwa na daftari lako kimakosa bila mtu kugundua.

Kizingiti nikichague vipi?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kizingiti ni ule mpaka wa ung'avu unaoamua pikseli ipi ni seli na ipi ni mandharinyuma. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 za ung'avu, kuanzia 0 hadi 255; ya biti 16 ina ngazi 65,536. Unasema, kwa mfano, kila kinachozidi 90 ni seli. Shida ni kwamba 90 ya slaidi hii huenda isiwe 90 ya slaidi ile.

Kwa hiyo watu hukimbilia kizingiti cha kujichagua. Maarufu zaidi ni kile cha Otsu, kilichochapishwa 1979: kompyuta inatazama mgawanyo wa ung'avu wa picha nzima na kutafuta mpaka unaoyatenga vizuri zaidi makundi mawili. Kinafanya kazi vizuri sana, mradi makundi mawili yapo.

Mwaka mmoja mwanafunzi alinijia na jedwali la viini vilivyotiwa DAPI, rangi inayong'arisha viini. Picha nyingi zilikuwa na viini kama 150 kila moja. Mbili zilikuwa na zaidi ya 4,000.

"Mwalimu," akaniambia, "hizi zimezaana usiku."

Tulizifungua. Zilikuwa nyeusi tii. Lenzi ilikuwa imevuka ukingo wa sampuli na kupiga picha ya kioo kitupu. Otsu hajui kusema "hapa hakuna kitu". Aliambiwa agawe makundi mawili, akayagawa yale machengachenga ya kamera, nusu yakawa "viini". Tungechukua wastani wa jedwali lile bila kulitazama, picha mbili tupu zingelibeba jibu zima.

Kuna njia mbili za kujikinga. Ya kwanza: tumia kizingiti kimoja kisichobadilika, ulichokipata kwa slaidi zako za udhibiti (zile za kulinganishia), ikiwa taa na muda wa mwanga vilikuwa vilevile kwa picha zote. Ya pili: acha kijichague, lakini weka sakafu. Ukiona kizingiti kilichochaguliwa kimeanguka chini ya kiwango fulani, makro iandike sifuri na kuiweka picha hiyo kwenye folda ya kukaguliwa. Mimi napenda ya pili, kwa sababu inaniletea picha za ajabu mezani badala ya kuzificha.

Na tafadhali, kabla ya kupima, usibonyeze "Apply" kwenye dirisha la kurekebisha mwangaza. Kuvuta vitelezi kunabadilisha unavyoiona picha tu. "Apply" inabadilisha tarakimu zenyewe.

Kwenye kompyuta yangu inahesabu vizuri, kwenye ya maabara inatoa kitu kimoja kikubwa kwa kila picha.

Angalia "Process", "Binary", "Options", kile kisanduku cha "Black background". Kompyuta moja kimewekwa alama, nyingine hakijawekwa, basi moja inahesabu seli na nyingine inahesabu kila kilicho nje ya seli. Iandike hali hiyo ndani ya makro yenyewe ili isitegemee kompyuta.

Picha zangu ni JPEG. Kuna ubaya?

Upo. JPEG inapunguza ukubwa wa faili kwa kutupa habari, na inazitupa kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8. Ukivuta picha karibu kwenye ukingo wa seli utaona vigaevigae. Kwa kuhesabu vitu vikubwa unaweza kuponea. Kwa kupima ung'avu, hapana. Na kuibadilisha JPEG iwe TIFF hakurudishi kilichokwisha tupwa. Piga kwa TIFF, au kwa umbo la faili la kamera yenyewe. Fiji huja na kiongezi cha Bio-Formats kinachosoma aina za mafaili zaidi ya 100 za watengenezaji mbalimbali wa hadubini, pamoja na maelezo ya lenzi na muda wa mwanga yaliyofichwa ndani yake.

Picha za simu iliyoshikiliwa juu ya lenzi ya macho? Kwa kumwonyesha rafiki, sawa. Simu inajirekebishia mwangaza na rangi kwa kila picha bila kukuuliza, na hilo peke yake linaua ulinganisho.

Skeli inawekwaje?

Kwa mikromita ya jukwaa, ile slaidi yenye mstari wa milimita 1 uliogawanywa vipande 100, kila kipande mikromita 10 (mikromita kama kipimo ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Piga picha yake kwa kila lenzi. Ukikuta vipande 10, yaani mikromita 100, vinachukua pikseli 580, basi una pikseli 5.8 kwa mikromita. Iandike kwenye makro.

Kosa la kawaida ni kupima picha za lenzi ya kukuza mara 40 kwa skeli ya lenzi ya kukuza mara 20. Urefu wote unakuwa maradufu na eneo linakuwa mara nne. Ukiwa na slaidi ya damu unayo rula ya bure humohumo: chembe nyekundu ya binadamu ina kipenyo cha mikromita 7 hadi 8. Ikikuonyesha 15, simama.

Seli zangu zimegusana na zinahesabiwa kama moja.

Jaribu "Watershed" baada ya kizingiti. Inachora mstari pale penye shingo kati ya maumbo mawili. Viini vya mviringo huvikata vizuri. Seli ndefu huzikatakata kama sukuma wiki. Pia tumia vichujio vya umbo: weka eneo la chini na la juu, na kipimo cha uviringo, ambacho ni 4π mara eneo, gawanya kwa mzingo uliozidishwa kwa wenyewe. Duara kamili ni 1. Lakini jua kwamba kila kichujio ni uamuzi wako wa kibayolojia uliovaa nguo za hesabu. Mwanafunzi aliyekuwa akihesabu matundu ya jani aliweka uviringo wa juu sana na kuyatupa yote yaliyokuwa yamefunga, ilhali swali lake lilikuwa mangapi yamefunga.

Nitajuaje kama mashine inahesabu sawasawa?

Chagua picha 30 kwa bahati nasibu. Si zile nzuri: kwa bahati nasibu, kompyuta ikuchagulie. Mpe mtu azihesabu bila kuona jibu la mashine. Kisha mpe mtu wa pili picha zilezile, kwa sababu watu wawili nao hutofautiana, na huwezi kuidai mashine ikubaliane na mtu kuliko watu wanavyokubaliana wao kwa wao.

Halafu usiniletee mgawo wa uwiano, ile namba inayoonyesha jinsi vipimo viwili vinavyopanda na kushuka pamoja, ukasema 0.98, tumemaliza. Mashine inayohesabu kila kitu mara mbili ina uwiano kamili na jicho, na bado ni mbovu. Chora tofauti kati ya vipimo viwili dhidi ya wastani wao, ule mchoro ambao Bland na Altman waliueleza mwaka 1986 katika jarida la Lancet. Utaona mara moja kama mashine inazidisha kila wakati, au inapotea pale seli zinapokuwa nyingi.

Kisha fungua picha tano zilizotofautiana zaidi na uzitazame kwa macho. Mimi hujifunza mengi zaidi hapo kuliko kwenye mchoro wote. Ndiyo maana makro zetu zote huhifadhi, pamoja na jedwali, nakala ya kila picha iliyochorwa mipaka ya vitu ilivyovihesabu. Jedwali peke yake haliwezi kukuambia kwamba lilihesabu vumbi.

Laptopu yangu ina kumbukumbu ya GB 4. Itaweza?

Kwa kawaida ndiyo. Picha ya pikseli 2,048 kwa 2,048 ya biti 16 ni kama MB 8.4, na makro inafungua moja kwa wakati, mradi umekumbuka kuiambia ifunge ikimaliza. Inayojaza kumbukumbu ni ile isiyofunga. Amri ya `setBatchMode(true)` huzuia picha zisionyeshwe kwenye skrini, na kazi huenda kwa kasi zaidi sana. Diski ndiyo itakayolalamika: picha 1,000 za namna hiyo ni kama GB 8.4, na hizo ni za wiki moja.

Na stima ikipotea katikati?

Hili silo swali la vitabuni, lakini ni letu. Zamani makro yangu ilikusanya majibu yote na kuyahifadhi mwishoni. Niliiacha usiku na picha 900. Stima ikaenda saa tisa usiku, kompyuta ya mezani ikazimika, na asubuhi folda ya majibu ilikuwa tupu kabisa. Tangu siku hiyo kila picha inaandika mstari wake kwenye faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) papo hapo, na makro inaanza kwa kuangalia zipi zimeshafanywa ili izipite. Mistari sita ya ziada.

Si siku hizi kuna akili mnemba? Kwa nini nihangaike na vizingiti?

Ipo, na ni nzuri. Cellpose na StarDist hutenganisha seli zilizobanana ambazo Watershed huzivuruga, na zinakuja zikiwa zimeshafunzwa. Bila kadi ya michoro zinakwenda polepole tu, hazikatai. Lakini zimefunzwa kwa picha za watu wengine. Ukizipa kitu ambacho hazijakiona, kwa mfano vimelea ndani ya damu iliyotiwa Giemsa, rangi ya kuonyesha vimelea, na kukauka vibaya, hukujibu kwa kujiamini kulekule. Zile picha 30 za kukagua bado unazihitaji, tena zaidi.

Naweza kutumia makro kupima malaria ya wagonjwa?

Hapana. Kwa utafiti, sawa. Hesabu ya kawaida kwenye tone nene la damu ni vimelea ulivyohesabu, mara 8,000, gawanya kwa chembe nyeupe ulizohesabu: vimelea 150 dhidi ya chembe nyeupe 200 ni 6,000 kwa mikrolita. Hiyo 8,000 yenyewe ni makadirio ya chembe nyeupe katika mikrolita moja ya damu. Majibu ya mgonjwa ni kazi ya mtaalamu wa maabara aliyesajiliwa, kwa njia iliyothibitishwa.

Na kama slaidi ni za watu, majina yasiwe kwenye majina ya mafaili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Tumia namba, na orodha inayounganisha namba na mtu ikae kwingine, chini ya ufunguo.

Nimepima seli 9,000. Kwa hiyo sampuli yangu ni 9,000?

Zilitoka kwa panya wangapi?

Sita.

Basi ni sita, maana seli za panya mmoja si mashahidi huru.

Kwenye tasnifu niandike nini?

Andika jina la programu na toleo lake. Toleo la ImageJ liko chini ya "Help", "About ImageJ". Lichukue siku ileile uliyoendesha, kwa sababu Fiji husasishwa mara kwa mara na mwezi ujao huenda likawa jingine. Taja njia ya kizingiti, ukubwa wa chini na wa juu, na kama ulitupa seli zilizogusa ukingo wa picha. Taja idadi ya picha ulizoziondoa na sababu yake. Makro nzima iweke kwenye kiambatisho, hata kama unaona aibu jinsi ulivyoiandika. Picha za asili zikae bila kuguswa kwenye diski mbili, moja isiwe kwenye begi lako.

Kwa wanaokuja wenyewe: Jumatano alasiri ndipo hadubini huwa tupu. Njooni na picha tatu, moja nzuri, moja mbaya na moja isiyo na kitu.